Kaburi la Mpagazi Halina Kibao

Taifa linaloshindwa kuonesha walipozikwa waliolijenga linajiweka katika hatari ya kushindwa kesi ya ardhi yake lenyewe. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu, na sababu zake nitazitoa hapa.

Likizo iliyopita nilisafiri kwa gari siku tisa kutoka Kilimatinde hadi Ujiji, nikifuata kwa kadiri barabara ilivyoruhusu njia ya kale ya misafara. Nilifuatana na shangazi yangu, dada yake mkubwa marehemu baba, ambaye kwa sasa ndiye daftari pekee la ukoo wetu. Tulitafuta makaburi ya wazee wetu, Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Katika safari yote sikukuta kibao hata kimoja kinachomtaja mpagazi kwa jina lake.

Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, lipo tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Limehifadhiwa, na mgeni hupokewa na kuelezwa. Sina ugomvi na tembe hilo. Ila tujiulize Livingstone alikuwa anafanya nini pale kwa miezi kadhaa. Alikuwa anasubiri wapagazi! Bila wao asingeweza kusogea hatua. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, maiti yake ilibebwa na Chuma, Susi na wenzao, ikapitia Kwihara hiyo hiyo, hadi Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster Abbey, London. Aliyebebwa anajulikana alipolala. Umati wa waliobeba, katika msafara huo na maelfu ya misafara mingine, haujulikani.

Wapo watakaosema kwamba wapagazi walifia porini na hawakuacha makaburi. Jibu hilo ni jepesi mno. Ni kweli wengi waliangushwa na ndui, njaa na kiu, hasa katika mbuga ya Mgunda Mkali, na msafara ukaendelea. Lakini wengi zaidi walirudi kwao, wakalima, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa karibu na nyumba zao. Tatizo ni kwamba nyumba hizo leo ni mahame, na mahame hayo yana historia ya kisiasa.

Shangazi alinionesha sehemu tatu katika Wilaya ya Urambo. Ya kwanza iliachwa wakati Waingereza walipowahamishia watu kwenye makazi ya pamoja kwa hoja ya kupambana na malale. Ya pili imo ndani ya eneo lililosafishwa kwa matrekta ya mradi wa karanga, ule ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kuteketeza fedha nyingi na kuvuna karanga chache. Ya tatu iliachwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Serikali mbili tofauti, moja ya kikoloni na moja yetu, zilihamisha walio hai na kuwaacha wafu bila orodha. Leo tumbaku imelimwa juu yao. Shangazi aliitambua sehemu ya tatu kwa miembe miwili tu. "Baba," aliniambia, maana nimepewa jina la baba yake, "miembe hii ikikatwa, hata mimi sitaweza kukuleta."

Sasa tuiangalie sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo, ngome na maziko ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo yanasubiri tamko la Waziri. Tufanye hesabu. Mirambo alifariki 1884. Boma la Isike lilianguka mikononi mwa Wajerumani Januari 1893. Miongo ambayo biashara ya misafara ilishamiri kupita kiasi, na Wanyamwezi wakajulikana kote kama mabingwa wa upagazi, iko karibu yote nje ya mstari huo. Kaburi la mpagazi aliyekufa 1880 ni shamba tu mpaka mtu mwenye muhuri aseme vinginevyo.

Ipo pia Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969, inayotambua maslahi ya ndugu wa marehemu pale ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Ni sheria ya haki kwa kaburi lenye ndugu anayelijua. Reli ya kisasa inapojengwa kuelekea Tabora na Kigoma, nani atajitokeza kwa ajili ya kaburi ambalo halikuandikwa popote?

Hapa ndipo hoja ya ardhi inapoingia. Katika vijiji vyetu vya Tabora, mzee anayedai eneo mbele ya baraza huulizwa mambo mawili: nani alipanda miti hii, na nani amezikwa hapa. Kaburi ni hati kongwe kuliko hati. Anayefuta makaburi, kwa kukusudia au kwa uzembe, anafuta ushahidi wa wanyonge, na mwenye karatasi kutoka mjini hushinda kirahisi.

Kuna ukimya wa aina nyingine, ambao ni wetu wenyewe. Njia ile ilipitisha wapagazi wa ujira na ilipitisha watumwa. Tabora na Ujiji zimejaa familia ambazo bibi au babu wa mwanzo aliletwa kutoka Manyema au kwingine ng'ambo ya Tanganyika, bila hiari. Mzee mmoja wa Ujiji nilipomuuliza kuhusu makaburi ya upande wa mama yake alinijibu, "Mwanangu, mengine tuliyazika pamoja na wenyewe." Namheshimu. Lakini serikali isiutumie ukimya wa waliodhulumiwa kuwa kisingizio cha kutofanya kazi. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakiwamo wapagazi, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Kama waliowatumikisha babu zetu wameanza kuhesabu, wajukuu tunasubiri nini?

Tangu 2006 njia hii, pamoja na vituo vya Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia. Watetezi wa mpango huo huzungumzia utalii, na mimi sipingi utalii. Ninachodai kinatangulia utalii na ni cha bei nafuu. Mwaka 1863 uondolewe katika sheria na mstari usogezwe angalau hadi 1920. Kila halmashauri kwenye njia hii iandikishe mahame na makaburi ya ukoo kabla ya kutoa kibali cha reli, mgodi au shamba kubwa. Na sisi wa vyuo vikuu tuwatume wanafunzi wa historia kwa wazee wenye majina vichwani, wakaandike nasaba, mahali na miti.

Kazi ya mwisho haihitaji Waziri wala bajeti ya Bunge. Inahitaji haraka, kwa sababu madaftari yetu yana miaka sabini na zaidi, na kila msimu wa masika yanapungua.