Mvua ya Siku Moja Inapozidi Wastani wa Mwezi

Kwa wastani wa miaka 30, kuanzia 1971 hadi 2000, jiji la Dar es Salaam lilipata takribani milimita 118 za mvua kwa mwezi mzima wa Desemba. Desemba 21, 2011, zilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Mafuriko ya siku hizo yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waathirika wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande.

Wastani wa mwezi hueleza jumla ya maji, hauelezi yatashuka kwa siku ngapi. Kwa sababu hiyo, utabiri wa mvua za wastani hauwahakikishii usalama wakazi wa Bonde la Msimbazi. Tahadhari za kila siku za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zifuatiliwe sambamba na utabiri wa msimu, na mitaro isafishwe kabla ya mvua.