Moshi Huu si Kudra

Februari 2021 baridi kali ilizima umeme katika jimbo la Texas, Marekani. Viwanda vya kusafishia mafuta vya Port Arthur vikasimama ghafula, na gesi iliyokuwamo mitamboni ikachomwa hewani ili mitambo isiripuke. Majirani wakavutishwa moshi wenye sumu ya salfa na benzini.

Atakwambia mtu: “Hiyo ni kudra, nani awezaye kuizuia baridi?” Nawe mwulize: Je, baridi ya 2011 haikuzima umeme jimboni humo humo? Wenye umeme na gesi hawakuonywa mwaka ule ule waikinge mitambo yao? Wengi walipuuza, kwani kinga ina gharama.

Baridi ni kudra. Uzembe ni wa mja. Faida ikiwa ya tajiri, vipi moshi uwe wa jirani? Umeme huzimika, haki ya jirani haizimiki.