GITA ZURI AU SAUTI NZURI?

Ndugu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliotutangulia,

Fedha mlizotuchangia kwa ajili ya bendi ya shule zimefika, nasi twawashukuru sana. Lakini sasa pana ubishi. Wenzangu wengi wataka gita la umeme la bei kubwa, jekundu, linalong'aa. Fedha zitakazobaki ndizo zinunue kikuza sauti chochote. Kwa kuwa tumekubaliana kupiga muziki wa bluzi, mimi nasema tufanye kinyume chake.

Mwaka 1943 Muddy Waters alihama Mississippi akaenda Chicago. Katika vilabu vya mji ule gita kavu halikusikika kwa kelele za watu, hata akashika gita la umeme. Vikuza sauti vya siku zile vilikuwa vya valvu, vile vichupa vya kioo vilivyowaka ndani ya redio za babu zetu. Valvu zikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake, sauti huwa nzito yenye mikwaruzo. Mpigaji akizigusa nyuzi taratibu, hutakata tena. Sauti hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kosa la kutojua hayo nimelifanya mwenyewe. Likizo iliyopita nilitumia fedha zangu zote za kuchuma kahawa kununua kisanduku cha kukwaruza sauti. Nilipokiunga, gita langu lililia kama nyuki ndani ya kopo. Baadaye mwalimu mmoja akaniazima kikuza sauti chake cha valvu, kidogo, cha wati 5. Gita lilikuwa lile lile, na vidole vile vile, lakini wenzangu walitoka bwenini kuja kusikiliza.

Wengine watasema wati 5 hazitoshi ukumbini. Ni kweli, lakini tukiweka maikrofoni ya ukumbi mbele yake, zitatosha. Kile cha wati 100 tutalazimika kukipunguza mno, na valvu zake hazitafanya kazi ile. Tena watasema valvu huchakaa. Basi tuweke akiba ya kununulia nyingine, na fundi ndiye azibadilishe, maana umeme wa ndani waweza kuua.

Kwa hiyo naiomba kamati inunue gita la kawaida lililo imara, na sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kikuza sauti. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye hoja nyingine na aandike katika toleo lijalo, kabla fedha hazijatoka sandukuni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita