HOMA YA INI: TUSINGOJE KUAMBIWA NA WAKALA WA SAFARI



Kuna kijana wa kwetu Mkongani, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeuza mbuzi watano na kukopa fedha juu yake ili aende kufanya kazi Ghuba. Akapelekwa Mombasa kutolewa damu. Siku ya pili akaambiwa neno moja tu: "Umeanguka." Alipouliza ameanguka nini, karani akamwonyesha karatasi ya Kizungu, kisha akamwonyesha mlango.

Akarudi nyumbani. Majirani wakanong'ona kuwa ana UKIMWI. Mjomba akasema amerogwa, akampeleka kwa mganga, akachanjwa chale kwa wembe, na wembe huo huo ukawachanja wengine watatu waliokuwa wakingoja barazani. Ndugu zangu, ugonjwa wenyewe ni homa ya ini ya aina ya B, na njia yake ni damu! Kwa hiyo dawa aliyopewa ilikuwa ni kuwagawia wenzake.

Nchi za Ghuba humpima kila anayekwenda kuajiriwa huko, na mwenye homa ya ini ya B au C huhesabiwa hafai. Hilo ni lao. Mimi nauliza letu: yawaje mtu wa Kwale alisikie jina la ugonjwa alio nao, labda tangu kuzaliwa, kutoka kwa wakala wa safari?

Mabwana wakubwa hujibu kuwa watu wa mashamba hawasikii. Uongo huo. Habari za surua, za polio na za UKIMWI tulizisikia, kwa sababu tuliambiwa: katika baraza la chifu, msikitini, kanisani, shuleni, tena kwa lugha yetu. Habari ya homa ya ini hutangazwa kila tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mtaalamu wa Marekani aliyegundua virusi vya aina ya B katika miaka ya 1960. Siku hiyo hugawiwa fulana, hupigwa picha, na kesho yake kimya mpaka Julai nyingine.

Hata jina halijafafanuliwa. Mtu akipata macho ya manjano twasema ana homa ya manjano, na homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mbu. Homa ya ini ya A na ya E huletwa na maji na chakula chenye uchafu wa choo; hiyo E ndiyo iliyozuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012. Ya B na ya C hupita katika damu, na ya B hupita pia katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Haipiti kwa sahani, wala kwa kupeana mkono. Walakini mwenye virusi vya B aweza kukaa miaka ishirini hana dalili, anabeba mataruma kama sisi, kumbe ini laliwa polepole mpaka kovu au saratani.

Sasa tutazame kazini. Treni ikigonga gari kwenye kivuko, nani huwanyanyua majeruhi? Ni sisi watu wa genge, na mikono yetu tayari ina michubuko ya kokoto na chuma. Nani husafisha vyoo vya mabehewa? Kambini wembe mmoja wanyoa ndevu za watu wanne, maana duka liko mbali. Virusi vya B vyaweza kuishi siku 7 nje ya mwili juu ya damu iliyokauka. Glavu twapewa kwa kubahatisha, na chanjo haitajwi.

Na chanjo ipo. Kenya iliitia katika sindano za watoto wachanga mwaka 2001, ikianzia wiki ya 6. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatumo, na ndio tunaofanya kazi. Mtu mzima huhitaji sindano 3 katika miezi 6, basi. Tena mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, katika kila 10 wapata 9 hubaki na ugonjwa maisha yote. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lataka sindano ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Shirika hilo lilisema mwaka 2024 kwamba Afrika ni watoto 18 tu katika 100 wanaoipata, na kwamba mwaka 2022 homa ya ini iliua watu 1,300,000 duniani.

Watasema hakuna fedha. Dawa ya kuizuia aina ya B ni tenofoviri, ile ile iliyomo katika vidonge vya UKIMWI ambavyo vimejaa katika kliniki zetu. Aina ya C huponywa kabisa kwa vidonge vya wiki 12. Si kila mwenye virusi vya B huhitaji dawa, lakini kila mmoja yafaa aangaliwe, na hawezi kuangaliwa asiyepimwa.

Lakini hapa nawaonya. Tusidai kupimwa kabla ya kudai ulinzi, maana karatasi ya damu mikononi mwa mwajiri ni fimbo. Sheria ya Kazi ya 2007 ilipokataza ubaguzi ilitaja UKIMWI kwa jina. Homa ya ini haikutajwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake. Hicho ndicho cha kushika. Majibu yawe ya mfanya kazi mwenyewe na daktari wake, si ya nyapara.

Najua wako viongozi wetu watakaosema chama ni cha mishahara, haya ni ya daktari. Mshahara wa maiti hulipwa nani? Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini hesabu hiyo naiweza.

Katika mkutano ujao wa tawi nitaleta hoja: mkataba utaje chanjo ya B kwa watu wa genge, wasafishaji na wa huduma ya kwanza, kwa gharama ya mwajiri, glavu ziwe katika kila sanduku la dawa, na chama kiiandikie serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo yenye zahanati zetu, kuuliza vipimo viko wapi na ni lini watu wa Mkongani wataambiwa barazani. Natafuta wa kuniunga mkono.

Kijana wetu sasa aenda hospitali kila miezi sita. Ini lake bado zima. Deni la safari angali analilipa.

Mfanya kazi wa njia, Mkongani