Masikitiko Si Radhi

Kusikitika ni jambo liwezalo kufanywa na kila mtu. Mpita njia husikitika aonapo nyumba ya mwenzake inaungua. Lakini aliyeitia moto hatoki kwa masikitiko. Lililo juu yake ni kukiri, kuomba radhi na kulipa.

Tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilitangaza masikitiko yake kwa mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa Mau Mau, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Walakini ilishikilia kwamba haina dhima kisheria. Ni deni gani hili lisilo na mdaiwa? Tarehe 31 Oktoba, 2023, Mfalme Charles alieleza huzuni yake mjini Nairobi, radhi hakuomba. Siku ya pili yake, mjini Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa maovu ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Wako wasemao kwamba neno ni upepo, fedha ndiyo haki. Wamekosea. Fedha bila ungamo ni sadaka, na aliyedhulumiwa si mwombaji. Ni mwenye haki yake. Wala neno peke yake halitoshi: huko Songea Rais yule aliahidi msaada wa kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na kwa ahadi hiyo radhi yake itapimwa.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hajifuniki kwa vifungu vya sheria.