Riba Yangu Iko Wapi?

Mama yangu hajawahi kumwona mtu akiteleza kwenye theluji, isipokuwa kwenye video nilizomtumia mimi mwenyewe, na katika mbili kati ya hizo nimelala chali. Lakini ndiye aliyenifumbua macho kuhusu tiketi za msimu za skii, kwa maswali matatu tu, kwa simu, akiwa jikoni kwake Moshi.

Ilikuwa Agosti. Alipiga kuulizia hela ya bati za banda la ng'ombe, niliyokuwa nimemwahidi tangu Pasaka. Nikamwambia asubiri kidogo, kwa sababu mwezi wa tano nilikuwa nimelipia kitu.

"Kitu gani?"

"Tiketi ya kuteleza kwenye theluji, Mama. Ya msimu mzima."

"Na hiyo theluji inaanguka lini huko?"

"Novemba. Desemba hivi."

Akanyamaza. Mama ni mweka hazina wa kikoba chao, huu mwaka wa tisa, na ukimya wake ni wa mtu anayepiga hesabu. "Kwa hiyo uliwapa hela mwezi wa tano, na wao watakupa kitu Desemba. Basi wewe ndiye uliyewakopesha. Riba yako iko wapi, mwanangu?"

Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi wa maliasili hapa Colorado. Nimefanya mtihani mzima kuhusu namna kampuni zinavyowapangia wateja tofauti bei tofauti, na nikafaulu vizuri. Swali la mama sikuwahi kujiuliza.

Basi niseme wazi ninachoamini, ili anayetaka kubishana nami ajue pa kuanzia. Tiketi ya msimu ya milima mingi haimfai mwanafunzi, haimfai mgeni, na haimfai mtu yeyote anayejifunza. Na hao inaowafaa, unafuu wao unalipiwa na sisi wengine.

Kwa wasioijua biashara hii, maelezo mafupi. Zamani ukitaka kuteleza msimu mzima, kwa kawaida ulinunua tiketi ya mlima mmoja, na milima mikubwa ilitoza pesa nyingi. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ikatoa Epic Pass: dola 579, na unateleza bila kikomo kwenye milima yake yote. Watu hawakuamini macho yao. Mwaka 2018 kampuni ya Alterra ikajibu kwa Ikon Pass. Tangu hapo kila machipuo, theluji ya mwaka huu ikiwa bado haijayeyuka, kampuni hizi zinaanza kuuza tiketi za mwaka ujao, na kadiri unavyochelewa ndivyo bei inavyopanda. Kwa msimu wa 2025/26, Epic Pass kamili ilianza kuuzwa kwa dola 1,051, na Ikon kwa dola 1,329. Kuna matoleo madogo na bei za wanafunzi. Yangu ilikuwa ya mwanafunzi, dola mia sita na kitu, ya kampuni ambayo sitaitaja, kwa sababu ugomvi wangu ni na mfumo mzima.

Sasa hoja ya wenzangu. Kila ninayemuuliza ananipa hesabu ileile: tiketi ya siku moja dirishani pale Vail, msimu ukipamba moto, imeshavuka dola 300. Kwa hiyo ukienda siku nne tu, tiketi yako imejilipa, na kuanzia siku ya tano unateleza bure. Wanaisema kwa furaha ya mtu aliyegundua mlango wa nyuma wa benki.

Msomaji uliyekulia Tanzania au Kenya, hesabu hii unaijua. Ni hesabu ya bando. Ukipiga simu au kuingia intaneti bila bando, salio lako linaliwa kabla hujamaliza kusema "haloo". Je, mtandao unategemea kweli kuishi kwa bei ile ya nje ya bando? Hapana. Bei ile imewekwa ili ikutishe, ukimbilie kununua bando, na bando nalo lina tarehe ya mwisho. Ukinunua gigabaiti kumi ukatumia tatu, hakuna anayekurudishia saba. Na hakuna mtu mwenye akili timamu anayejisifu jioni kwamba ameokoa laki moja kwa sababu angetumia intaneti ileile bila bando.

Lakini ndivyo tunavyojisifu kwenye skii. Tunalinganisha tiketi ya msimu na bei ambayo tusingelipa hata siku moja. Mimi nisingetoa dola 300 kwa siku moja ya kuanguka. Kwa hiyo sijaokoa dola 300. Kipimo halali cha tiketi yangu ni kile ambacho ningelipa kwa hiari bila kutishwa, na kwa siku nilizoenda kweli.

Niliplani siku kumi na tano. Nilienda tatu.

Sikuwa mvivu. Novemba theluji ilikuwa haba. Desemba kulikuwa na mitihani, na mwenye tiketi ya punguzo kama yangu hakuruhusiwa kutumia siku zenyewe za sikukuu, nilipokuwa na nafasi. Januari nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Halafu kuna kufika. Kutoka Denver unapita barabara kuu ya I-70, unapanda hadi handaki la Eisenhower, kwenye mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Jumamosi asubuhi Denver nzima inapanda nawe. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukakaa kwenye foleni ya magari, kisha tukafika na kupanga foleni ya viti vya kupandia mlimani. Buti, mbao za skii na kofia ngumu nilikodi kila safari. Tiketi haivilipii. Mafunzo haiyalipii. Mafuta, maegesho, na bakuli la supu la bei ya kilo tano za mchele, navyo haivilipii. Nilipojumlisha yote na kugawanya kwa tatu, kila siku yangu moja mlimani ilikuwa imenigharimu zaidi ya zile dola 300 nilizokuwa nazikimbia.

Najua jibu litakalokuja: hilo ni kosa lako, tiketi haina hatia. Mwenzangu mmoja wa maabara anaenda siku thelathini kwa msimu. Alikulia hapa, ana vifaa vyake na gari la magurudumu manne, na binamu yake anaishi huko milimani. Kwake dola 1,051 ni kama dola 35 kwa siku, rahisi kuliko tamasha la muziki. Sibishi. Kwake tiketi inafaa, tena sana.

Lakini dola 35 zake zinawezekanaje? Kuendesha mlima ni ghali: mashine za kutengeneza theluji, viti, waokoaji, bima. Sehemu ya jibu ni watu kama mimi, tuliolipa mapema na hatukutokea. Sehemu nyingine ni yule baba aliyekuja na watoto wawili mara moja katika maisha yake, akasimama dirishani, akasoma bei, akawatazama wanawe. Anayeujua mchezo analipa kidogo; anayetaka kuujaribu analipa kupita kiasi. Halafu tunaulizana kwa nini mchezo huu una sura za watu wa aina moja.

Yapo majibu ya katikati. Zipo tiketi za siku chache zenye bei nafuu, lakini nazo sharti ununue kabla msimu haujachanganya. Anayepata wazo Januari amechelewa. Msimu wa 2025/26 Vail ilianza pia kuwapa wenye tiketi za msimu vocha za nusu bei kwa ajili ya marafiki zao. Nilicheka niliposoma. Nimesafiri nusu ya dunia kuja kukuta lazima umjue mtu.

Hapa rafiki yangu mmoja Mkenya alinibana vizuri. "Na kwenu Kilimanjaro je? Mzungu analipa kiingilio mara ngapi ya chako?" Kweli. Mimi raia wa Afrika Mashariki nalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana. Mgeni wa nje analipa kwa dola, kiasi kikubwa. Nasi tunawapangia watu bei tofauti. Nililala na swali lile siku mbili. Jibu langu ni hili: kule kwetu mstari umechorwa kwa wazi na una sababu inayoweza kusemwa hadharani. Mlima ni wa umma, na mwenyeji ana haki nao. Unaweza kuipinga sababu hiyo bungeni. Huku mstari unamtenganisha aliye na dola elfu moja za kulaza mwezi wa tano na asiye nazo. Jirani yangu anayefagia hoteli Denver ni mwenyeji kuliko nitakavyokuwa mimi, na bado yuko upande wa bei ya dirishani.

Turudi kwenye mkopo wa mama. Kwenye kikoba chao anayetangulia kutoa hela ana sauti. Anahudhuria vikao, anauliza, na mwisho wa mzunguko anagawiwa faida. Kampuni ya skii inapokea hela zetu kabla wingu halijajikusanya, na hapo hatari ya msimu mkavu imehama kutoka kwake kuja kwetu. Theluji isiponyesha, yeye ameshauza.

Na sauti je? Tarehe 27 Desemba 2024, waokoaji wa Park City huko Utah, mlima wa Vail Resorts, waligoma. Hawa ndio wanaolipua maporomoko ya theluji kabla hujaamka na kukuteremsha ukivunjika mguu. Walikuwa wanadai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 kwa saa hadi 23. Mgomo ulidumu hadi Januari 8, wiki zile zile za sikukuu, sehemu kubwa ya mlima ikiwa imefungwa na foleni za viti zikiwa ndefu za kutisha. Mteja wa kawaida akikerwa huondoka na pesa yake. Mwenye tiketi ya msimu pesa yake ilishaondoka miezi saba kabla. Alichobaki nacho ni kupiga picha ya foleni. Baadaye kampuni iliwapa wageni wa siku zile salio la kutumia msimu uliofuata. Yaani fidia yako ni kurudi.

Dola mbili kwa saa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba tiketi ni rahisi kwa sababu kampuni ni kubwa na zinajua kubana gharama. Siku hizo kumi na tatu zilinionyesha ni gharama za nani zinazobanwa kwanza.

Sasa niungame kwa nini nilinunua, kwa sababu si kwamba sikujua kugawanya. Nimekulia Moshi nikiitazama theluji kila asubuhi ambayo Kibo haikujifunika mawingu, na sikuwahi kuigusa. Ilikuwa juu kule, ya wenye viatu maalumu. Nilipofika Colorado, wenzangu wa darasa wakaanza kuulizana mwezi wa tatu, "Wewe ni wa tiketi ipi mwaka huu?" kama watu wanaoulizana wanashabikia Simba au Yanga. Asiye na jibu hana kundi la Jumamosi. Nikanunua kundi. Na kampuni hizi zinalijua hilo vizuri: marafiki wenye tiketi moja huenda mlima mmoja, kwa hiyo kila anayenunua anamvuta mwingine, na anayebaki nje anabaki nje kweli.

Siku niliyofurahia kuliko zote sikuitumia ile tiketi. Machi, tulienda watatu Loveland, mlima wa kujitegemea ulio kabla tu ya handaki, kwa Snowstang, basi la serikali ya jimbo, tiketi ya siku moja ya bei nafuu kuliko ile ya Vail. Tulikula chapati kutoka kwenye mfuko. Niliteremka mteremko wa watoto mara kumi na moja bila kuanguka, na nilipochoka saa saba mchana nilikaa chini, kwa sababu sikuwa na kitu cha "kukilipisha". Zile siku tatu za tiketi, kila nilipopumzika nilikuwa naisikia hesabu ikinong'ona: panda tena, bado hujafikia bei.

Kwa hiyo ukiniuliza kama inafaa, nami nakuuliza: mwaka jana ulienda siku ngapi? Usiniambie unazopanga. Kama hazifiki kumi, na huna vifaa vyako, hela yako ibaki mfukoni. Nenda siku moja, lipia siku moja, kwenye mlima mdogo ambao bado unataka uje. Kama ni thelathini, nunua, lakini usiseme umeteleza bure.

Wiki iliyopita barua pepe imeingia: bei ya chini kabisa, muda unakwisha. Nimemsomea mama kwa simu, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waambie walete kwanza mahesabu ya mwaka jana," akasema. Kisha akaniuliza bati naleta lini, maana mvua imeanza na ng'ombe analala kwenye matope.

Nimemtumia jana.