Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Muulize mkazi wa Bomet hali ya Mto Nyangores mwezi wa Aprili, naye aghalabu atajibu kwamba maji ni machafu. Mrudie mwezi wa Januari, atakwambia yamekuwa safi. Nionavyo mimi, jibu hili la pili ndilo la hatari zaidi, na kosa lake limo katika lugha.

Nyangores huanzia katika msitu wa Mau, hupita Tenwek na mji wa Bomet, kisha huungana na Amala kuwa Mto Mara, ambao huvuka mpaka na kuingia Tanzania hadi Ziwa Viktoria. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huubadilisha rangi. Mchai uliokomaa hufunika ardhi vyema. Tope hutoka zaidi katika mashamba yaliyotoka kulimwa, barabara za udongo na njia za ng'ombe. Mvua za kwanza hukokota pia samadi na mbolea. Hapana shaka maji hayo ni mabaya, lakini rangi yake humwonya mnywaji.

Kiangazi kinapofika, baina ya Desemba na Februari, maji hupungua, tope hutua na mawe huonekana chini. Hata hivyo, mji haupunguzi taka zake. Maji ya sabuni, mafuta ya gereji na majitaka ya vyoo huingia katika mto uliopungua, usio na wingi wa maji wa kuyazimua. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa uliozuka Bomet na kaunti nyingine mwaka 2015, havina rangi.

Yamkini msomaji atauliza: haya si ya wanasayansi? Mwanafunzi wa Kiswahili yanamhusu nini? Yanamhusu kwa kuwa neno "safi" tumelibebesha maana mbili: kilicho kiangavu machoni na kisichodhuru mwilini. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Sifa zimetajwa mbili kwa sababu moja haitoshi. Sisi tumezoea kuzitamka pamoja kama pambo la hotuba, hata tukasahau kwamba kila moja ina kazi yake.

Basi wanafunzi wenzangu, tunapoombwa kutafsiri bango la afya au kuandaa kipindi cha redio, tuzitenganishe. Tuseme bayana kwamba maji ya mto, yawe ya tope au maangavu, yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa. Tusipofanya hivyo, mtoto atakayetumwa mtoni Januari atajaza mtungi wake, ayatazame maji, ayaone "safi", na anywe papo hapo.